Sensa ya joto umebadilisha mara mbili na feni bado haizimi

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za joto, na sio joto la jua la hapa Mtwara maana hilo tushalizoea, nazungumzia joto la injini. Nimechagua tano, zingine zinafanana nazo kwa hiyo kama hujaona ya kwako soma tu humu humu utajikuta. Nitajibu kama ninavyojibu pale gereji, aliyesimama karibu anasikia na yeye.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu nakaa Shangani, nina Vitz ya kupeleka watoto shule na kwenda sokoni. Tangu mwezi uliopita nikiwasha tu gari feni ya rejeta inaanza kuzunguka hapo hapo hata asubuhi injini ikiwa ya baridi, na haizimi mpaka nizime gari. Taa ya cheki injini inawaka. Fundi akapima na mashine akasema sensa ya tempricha imekufa, akaniwekea nyingine ya mtumba, siku mbili ikarudi vile vile. Akaweka ya pili nayo hivyo hivyo. Sasa anasema kontroboksi (kompyuta ya injini) ndo imeungua na bei aliyonitajia sitaki hata kuiandika. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usitoe hata shilingi ya kontroboksi, hela yako kaa nayo.

Sasa sikia hii sensa inavyofanya kazi maana ukiielewa huyo fundi hawezi kukuzungusha tena. Ndani yake kuna kidude kidogo ambacho kikiwa cha baridi kinazuia umeme sana na kikipata joto kinaulegeza unapita kwa urahisi, basi, hamna maajabu mengine. Kontroboksi inatuma volti 5 kwenye waya, inaangalia zimebaki ngapi, inajua maji ya injini yana nyuzi ngapi. Kwa Toyota nyingi ukipima sensa kwenye nyuzi 20 unapata kama omu (kipimo cha umeme unavyozuiwa) 2,000 hadi 3,000, kwenye nyuzi 80 inashuka mpaka kati ya 200 na 400. Yaani joto likipanda namba inashuka, na hapo ndo mafundi wengine wanapochanganyikiwa wanaona namba kubwa wanasema sensa inasoma moto sana, kumbe ni kinyume chake.

Sasa je waya ukikatika, au plagi ikilegea? Kontroboksi inaona umeme haupiti kabisa, kwa hesabu zake hiyo ni baridi ya ajabu kabisa ambayo haiwezekani, kwa hiyo inaachana na sensa na kuamua yenyewe kwamba injini ina nyuzi 80 ili gari iendelee kutembea, halafu kwa kujihami inawasha feni muda wote maana haijui tena kama injini inachemka au la. Taa ya cheki injini inawaka, na mashine ya kupimia inaandika P0118. Nina hakika ndiyo namba aliyoiona fundi wako. Tatizo ni kwamba akaisoma kama "sensa mbovu" wakati namba yenyewe inasema tu umeme umekatika mahali fulani kwenye hiyo njia, na njia ina sensa, ina plagi, ina waya mbili na ina kontroboksi mwisho kabisa. Yeye kabadilisha cha kwanza mara mbili akaruka moja kwa moja mpaka cha mwisho, hapo katikati hajagusa.

Na wewe unakaa Shangani. Upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, kufuli za geti zenu zinaota kutu kila mwaka, unadhani plagi ya gari inapona? Chomoa ile plagi ya sensa (ipo kwenye hedi ya injini, plagi ndogo ya waya mbili), angalia ndani kwenye vile vipini vya shaba. Ukiona unga wa kijani au wa bluubluu basi mgonjwa wako ndo huyo. Mi hapa gereji magari ya Shangani na Mikindani nikiyapokea na ugonjwa wa umeme cha kwanza naangalia plagi, sijali mashine imesema nini.

Mwambie fundi afanye hivi, ni kazi ya dakika kumi. Plagi ikiwa imechomolewa, swichi iwe on bila kuwasha injini, aweke testa (mita ya kupimia umeme) kwenye waya mbili za plagi upande wa gari. Akipata volti 5 au karibu na hapo, waya na kontroboksi vizima, basi aangalie vipini vilivyolegea na kutu. Akikosa, afuate waya taratibu mpaka aone ulipokatika, na mara nyingi ni pale pale karibu na plagi ambapo mtu alishaupinda na kuufunga na solatepu. Kipimo kingine ambacho mimi nakipenda zaidi: aunganishe zile waya mbili na kipande cha waya huku mashine ikiwa inasoma. Kama njia ni nzima, namba itaruka kutoka −40 mpaka kupita 140. Ikiruka hivyo kontroboksi yako ni nzima kabisa wala haijaungua, na mimi naweka rehani testa yangu kwamba itaruka.

Kutibu: kutu kidogo inasafishwa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme na kaburashi kadogo, sio petroli wala sio msasa, halafu upake grisi ya umeme kidogo kuzuia chumvi. Kama vipini vimeliwa tafuta kichwa cha plagi cha mtumba chenye vipande vyake vya waya, wachomelee kwa risasi na wavalishe mpira ule unaonywea ukipigwa joto. Wasikusokotee waya kwa mkono na kuzungushia tepu, hapo baada ya msimu mmoja wa kusi utaniandikia tena.

Na kama ikifika ukahitaji sensa kweli, ya Toyota namba yake inaanza na 89422, na wanaowatengenezea wengi ni Denso. Nenda dukani na testa. Pima ikiwa juu ya meza, kwa joto la hapa kwetu asubuhi itasoma kwenye 2,000 au pungufu kidogo, halafu ishike kichwa chake kwenye kiganja uifumbate dakika moja, namba lazima ishuke polepole bila kurukaruka. Isiposhuka mrudishie mwenye duka hata kama ina boksi zuri. Wakati wa kufunga injini iwe ya baridi, batri itolewe waya wa hasi, maji yapunguzwe kidogo kwenye rejeta, ifunguliwe na soketi ndefu ya 19, iwekwe washa (kile kipete cha kuzuia maji yasivuje) mpya na sio ile ya zamani, na ikazwe kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu sio ya bega maana hedi ni ya aluminiamu, njia ya nati ikichanika utajuta. Baadae wajaze maji, watoe upepo, wafute ile P0118, na feni itazima yenyewe.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Newala, nina Spacio ya familia. Ilichemsha mwaka jana fundi akatoa thamostati akasema huku kusini kuna joto haina kazi, ile ni ya nchi za theluji. Toka hapo mshale wa tempricha haufiki hata robo nikiwa barabara iliyonyooka, na mafuta inakunywa kama lori. Ila cha kushangaza nikitoka Masasi kupandisha mlima kurudi Newala inachemsha! Fundi mwingine anasema ni sensa inatoa taarifa za uongo. Mimi ni mtumishi mstaafu, sina hela ya kujaribujaribu.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Sensa yako haina kosa hata moja, inasema ukweli mtupu na ndo maana hakuna anayeipenda.

Hili la kutoa thamostati naomba nilizungumze kwa kirefu kidogo maana linanikera, na huku kwetu limekuwa kama dini. Mtu gari ikichemsha mara moja tu, cha kwanza thamostati inatolewa inatupwa jalalani, hela inalipwa, tumemaliza. Hakuna anayeuliza kwa nini ilichemsha. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa maji yanazunguka ndani kwa ndani injini inapata moto haraka, ikifika nyuzi 80 na kidogo (kwa Toyota nyingi inaanza kufunguka kati ya 80 na 84) mlango unafunguka maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Injini haijali nje ni Newala au Ulaya, yenyewe inataka nyuzi zake tisini hivi ndo ifanye kazi ilivyopangwa. Joto la nje la 30 kwa injini ni baridi tu.

Ukitoa mlango, kwenye barabara iliyonyooka upepo unapiga rejeta maji yanapoa kupita kiasi. Sensa inaripoti nyuzi 60, kontroboksi inasema aah injini bado haijapata moto, inaongeza petroli, na inaendelea kuongeza safari nzima mpaka unafika. Plagi za moto zinakuwa nyeusi masizi, oili inachanganyika na petroli inakuwa nyepesi, na gari za otomatiki nyingi zinagoma kuingia gia ya mwisho mpaka maji yapate joto la kutosha. Hapo ndo mafuta yako yanapokwenda. Mashine ikipimwa mara nyingi inatoa P0128, maana yake injini haifiki joto lake, na fundi asiyesoma anabadilisha sensa.

Sasa mlimani. Injini nyingi za Toyota thamostati yake ina sahani mbili, ya juu inafungua njia ya rejeta, ya chini wakati huo huo inaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi milele. Barabara ya chini huku hujali maana upepo ni mwingi, lakini ukiwa unapandisha ule ukingo, gia ndogo, mwendo mdogo, watu wamejaa na magunia kwenye buti, nusu ya maji ya moto yanazunguka tu humo humo hayaendi kupoa. Ndo unachemsha. Gari moja, ugonjwa mmoja, inaganda kwenye tambarare inachemka mlimani. Fundi aliyekutolea alidhani anakusaidia.

Kwa hiyo mzee nunua thamostati mpya ya gari yako yenye gasketi yake, kabla ya kufunga ipime jikoni kwako. Sufuria ya maji, itundike kwa uzi isiguse chini, weka kwenye jiko, na kama una kipimajoto kizuri ni bora. Inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakichemka iwe imefunguka wazi kabisa unaona nafasi ya karibu sentimeta moja. Hapo hapo tumbukiza na sensa kama una wasiwasi nayo, kichwa tu sio plagi, upime na testa. Sisi huku Mtwara mjini tuko usawa wa bahari maji yanachemka kwenye 100 kamili, ninyi mko juu, yanachemka kwenye 97 au 98, hiyo haibadilishi kitu ila usije ukasema kipimajoto changu kibovu. Wakati wa kufunga kuna kapini kadogo kanachezacheza pembeni ya thamostati, hako kawe juu, ndipo upepo unapotokea.

Halafu mtafute mchawi wa kwanza, yaani kwa nini ilichemsha mwaka jana. Feni ilikuwa inazunguka? Rejeta imeziba? Kifuniko cha rejeta mpira wake umekauka? Na maji gani mnaweka? Hapa ninyi wa Newala mna bahati msiyoijua. Watu wa pwani wanajaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi, ndani panakuwa kama birika lililokaa na magadi, na ile kutu inavaa mpaka kichwa cha sensa kinakuwa kama kimevaa koti, kinachelewa kusikia joto. Maji ya mvua mnayovuna kwenye matenki hayana madini hayo, kama huna kabisa kulanti (maji maalum ya rejeta) basi hayo ni afadhali mara kumi kuliko ya kisima. Lakini kulanti ndo yenyewe, na hiyo hadithi kwamba kulanti ni ya nchi za theluji ni mtoto wa ile hadithi ya thamostati. Kulanti inazuia kutu na inasogeza juu kiwango cha kuchemka.

SWALI: Oya fundi mambo. Nilitoka Dar naenda Lindi na Nadia ya mjomba, nimevuka daraja la Mkapa fresh, baada ya Somanga nikaona mshale wa tempricha unapanda karibu na H, nikasema nitasimama Nangurukuru. Kabla sijafika mshale ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa, nikamshukuru Mungu nikaongeza mwendo. Dakika kama kumi gari ikakosa nguvu ikazima. Sasa fundi anasema hedi imepinda. Mjomba ananidai injini, mi namwambia kosa la sensa ilinidanganya. Si kweli?

JIBU: Poa mdogo wangu, pole sana, na nisikilize kwa makini maana jibu hutalipenda.

Sensa ya joto inapima maji, haipimi chuma. Kichwa chake kimekaa ndani ya maji. Paipu yako ilipasuka au palifunguka mahali, maji yakaanza kutoka, injini ikachemka, mshale ukapanda, hapo sensa ilikuwa inakwambia ukweli na kwa sauti kubwa. Maji yalipoisha kabisa sensa ikabaki imening'inia kwenye upepo na mvuke, haina tena cha kupima, mshale ukashuka. Wewe ukaona uponyaji. Kumbe ule mshuko ndo ulikuwa msiba wenyewe, chuma kule ndani kilikuwa kimepita nyuzi mia na ishirini na kuendelea na hakuna wa kukipima.

Nadia yako angalau ina mshale. Gari ndogo nyingi kama Vitz na Passo hazina hata mshale, zina taa ya bluu asubuhi kwamba injini ya baridi na taa nyekundu ya kuchemka, katikati hapo kimya. Maji yakiisha haraka nyekundu inaweza ikawaka kidogo ikazima au isiwake kabisa. Wenye hizo gari ndo wanatakiwa kufungua boneti kila asubuhi kuliko wote, na ndo hawafungui.

Kwa hiyo kwa mjomba wako usiende na hoja ya sensa, atakufukuza. Nenda na hoja ya paipu, uliza ilibadilishwa lini, ukikuta ina miaka kumi mpira umekuwa kama ngozi ya korosho iliyobanguliwa basi na yeye ana sehemu yake mgawane gharama. Ulipoona inapanda ulitakiwa usimame pale pale, hata kama ni porini na hata kama ni usiku, uzime, ufungue boneti na USIFUNGUE kifuniko cha rejeta. Kile kifuniko kinabana mgandamizo wa zaidi ya mara moja ya hewa ya kawaida, maji humo ndani yanaweza kuwa na nyuzi 115 na hayajachemka kwa sababu yamebanwa, ukifungua yanachemka yote kwa mpigo mmoja usoni kwako. Mi nina kovu la hivyo mkono wa kushoto la mwaka nilipokuwa najifunza kazi, mpaka leo watoto wananiuliza. Nusu saa subiri, kikiwa hakichomi mkono ndo ufungue taratibu kwa kitambaa.

Na hedi kabla hujakubali kwamba imepinda waambie waipime kwa rula ya chuma iliyonyooka, mbele yako. Pengine ni gasketi tu. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, au rejeta inatoa mapovu injini ikiunguruma, basi gasketi imeenda kweli. Na wakishamaliza sensa waitoe waipime pia, iliyowahi kupikwa hivyo mimi huwa siiamini tena.

SWALI: Nina Corolla 110 ya marehemu baba, Lindi mjini. Nilibadilisha sensa ya mshale mwenyewe, mshale haupandi kabisa. Sensa mpya. Ina waya mmoja.

JIBU: Umeizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nati, si ndiyo? Sensa ya waya mmoja earth yake ni ule mwili wake kugusa injini, ukivalisha tepu umeme unakosa pa kurudia. Itoe, safisha, funga na washa yake tu au kama inavuja sana paka gundi ya gasketi kidogo sehemu ya juu, njia za chini ziache ziguse chuma.

Na kwa kuwa una gari ya zamani ujue humo kuna ndugu watatu sio mmoja: ya waya mmoja ni ya mshale, ya waya mbili ni ya kontroboksi, na kuna swichi nyingine ya kuwasha feni. Hii swichi ya feni kwa Toyota za wakati ule ikiwa ya baridi inashika, ikifika nyuzi 93 hivi inaachia na feni inawaka, kwa hiyo ukichomoa plagi yake huku swichi ya gari iko on, feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka usiguse sensa yoyote, nenda kwenye fyuzi, rilei, na mota ya feni. Watu wanabadilisha sensa ya mshale wakidhani wanatibu feni, mshale hauhusiani na feni hata kidogo kwenye hizo gari.

SWALI: Fundi naitwa tu mpenda gari wa Ligula. Nimenunua kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani nasoma kwenye simu. Maji ya injini inaonesha vizuri tu 88, 91, lakini joto la hewa inayoingia inaandika −40. Muda wote. Mke wangu ananicheka anasema umenunua friji. Ni kidude kibovu au?

JIBU: Mke wako yuko sahihi kucheka lakini kidude ni kizima.

Kwenye lugha wanayoongea hizo mashine joto linatumwa kama namba kuanzia 0, na simu yako inatoa 40 ndo ikuandikie. Kwa hiyo ukiona −40 hujaona joto, umeona sifuri, yaani "sisikii kitu". (Na kwa mpenda vitu kama wewe: −40 ndo mahali pekee selsiasi na farenhaiti zinakutana, ungebadilisha kwenye simu ingeandika −40 vile vile.) Sensa ya hewa inayoingia kwenye Toyota nyingi haiko peke yake, imo ndani ya ile sensa ya kupima hewa pale kwenye bomba baada ya kisanduku cha filta, plagi ya waya tano. Mtu alibadilisha filta hivi karibuni? Basi hakubana plagi mpaka ikalia, au imevunjika ulimi wake. Chomoa, angalia kutu kama nilivyomwambia mama wa Shangani, rudisha mpaka usikie tik.

Ukiitoa kuisafisha tumia dawa yake maalum ya kupuliza, usitumie ile ya kusafishia kabureta na usiguse vile viwaya vyembamba na pamba wala kidole, vikikatika umenunua mpya nzima. Ikauke kabisa kabla ya kurudisha.

Halafu kwa kuwa una hicho kidude nikupe kipimo ambacho hakihitaji testa wala soketi, na ndo kizuri kuliko vyote. Gari ilale usiku kucha. Asubuhi mapema kabla hujawasha, weka swichi on tu, soma joto la maji na joto la hewa. Zote mbili zinatakiwa zifanane, au zipishane nyuzi mbili tatu, na zifanane na asubuhi ya Ligula yenyewe, sema 25, 26. Ikiwa hewa inasema 26 na maji yanasema 5, sensa ya maji inadanganya na inakumwagia petroli asubuhi bila kuwasha taa yoyote, hii ndo mbaya kuliko zote kwa sababu kontroboksi haioni kosa, namba 5 inawezekana kabisa huko kwingine duniani. Kisha washa ukiangalia namba za maji, zipande taratibu bila kuruka, zifike themanini na kitu zitulie. Zikiganda kwenye 60 rudi kasome jibu la mzee wa Newala.

Kwa wenye gari za Kijapani za kabla ya miaka ya 2000 msinunue kidude hiki, nyingi haziongei hiyo lugha na mtanilaumu mimi.